Joash Wamalwa, Mpima Mizigo Aliyeacha Kura Mbili

Mchungaji, wazee wa kanisa la Marafiki, wakubwa wa reli na wafanyakazi wenzake, majirani wa Bondeni, nanyi shemeji zetu mliofika na treni ya asubuhi kutoka Bungoma, mimi ni Wanyonyi, mdogo wake marehemu wa kufuatana naye, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, Joash Wamalwa. Nitajaribu kuyasoma bila kukasirika, maana mnaonijua mnajua.

Marehemu alizaliwa Kimilili mwaka wa 1917, msimu wa kuvuna wimbi, siku ambayo hakuna aliyeiandika, na reli ilipomtaka ataje tarehe akataja 1 Agosti, kwa sababu ndiyo siku aliyokuwa amesimama mbele ya karani. Alianza shule ya misheni mwaka wa 1926, akamaliza darasa la nane mwaka wa 1934, na kwa muda mrefu yeye ndiye aliyewasomea watu wa kwetu barua zao, akiisoma barua yote, habari njema na habari mbaya, kwa sauti ile ile.

Aliandikwa kazi hapa Nakuru tarehe 1 Agosti 1938, stoo ya mizigo, kama karani wa mizani, na kwa miaka ishirini na moja hakuna gunia la mahindi wala la pareto lililopita mbele yake bila kupimwa. Mzungu mmoja wa upande wa Njoro aliwahi kumwambia ayakadirie magunia yake kwa macho kwa sababu ana haraka, naye Joash akayapima yote mia na ishirini, moja moja, yule bwana akiwa amesimama pale anapiga kiboko kwenye buti lake. Mimi nilikuwepo siku hiyo, na hadi leo sijui alipata wapi utulivu ule.

Alifunga ndoa na Nasambu siku ya Jumamosi, tarehe 13 Desemba 1941, na Mungu akawajalia watoto watatu, Simiyu aliyezaliwa 1943, Nekoye wa 1946 na Barasa wa 1950, ambao mnawaona hapa mbele pamoja na mama yao. Walikaa kwanza kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, kisha wakahamia Bondeni, mlango wa kushoto ukiwa wa Kiprugut, mpakiaji makaa, na wa kulia wa Kinyanjui, fundi wa nguo, ambaye alipochukuliwa mwaka wa 1954 akapelekwa kizuizini, Joash alimtunzia cherehani yake miaka mitatu na akawa anaipaka mafuta kila mwezi.

Sasa nafika mahali ambapo wazee waliniambia nipapite haraka, lakini sitapita haraka. Mwafrika aliporuhusiwa kupiga kura mara ya kwanza, Machi 1957, mnakumbuka kura zilivyogawanywa, kwamba elimu ilikuongezea kura, mshahara ukakuongezea, na utumishi wa muda mrefu ukakuongezea, hadi tatu, na mwingine asipate hata moja. Joash alipata tatu, Kiprugut hakupata, Kinyanjui hakupata, na Nasambu, aliyemfulia na kumpigia pasi shati la kwenda kupigia kura, naye hakupata. Joash alisimama kwenye foleni tangu alfajiri, akaingia, akapiga kura moja, mbili akaziacha, akarudi kazini.

Niliposikia nilikwenda kwake moto unaniwaka, kwa sababu mimi ni mtu wa chama cha wafanyakazi, na wakati ule tulikuwa tunahesabu kila kura kwa vidole. Nilimwambia, na maneno yangu siyafichi, kwamba uhuru tutaupima kwa mshahara, kwa unga, kwa shule na kwa dawa, basi, na ukituletea njaa utakuwa umetudanganya, na yeye amezitupa kura mbili ambazo zingetusogeza. Akanijibu kwamba unga ni lazima, yeye anaupima kila siku na anajua uzito wake, lakini tukikubali leo kwamba Kiprugut si mtu wa kupiga kura kwa sababu mshahara wake ni mdogo, kesho tutaambiwa kwamba nchi nzima ni maskini, kwa hivyo haijafaa kuwa huru, na tutakuwa tumeshatia sahihi sisi wenyewe.

Nikamuuliza, mtoto wa Kiprugut akilala njaa ndani ya huo uhuru, atashiba bendera? Akasema hatashiba, atalalamika, na ile haki ya kulalamika bila kumwomba mtu ruhusa ndiyo anayoisema yeye. Nilimwita mjinga mbele ya wanawe, nikatoka, na sikukanyaga tena nyumba ile kwa miaka miwili na miezi mitatu, ingawa chakula changu cha mchana nilikuwa nakilia mwendo wa dakika tano kutoka stoo yake.

Kifua kilianza kumsumbua mwishoni mwa mwaka jana, akalazwa tarehe 2 Juni mwaka huu wa 1959, na nilipofika wodini hatimaye hakuniuliza nilikuwa wapi, aliuliza kama chama kimepata ile nyongeza ya mshahara, na nilipomwambia tumeipata alifurahi waziwazi, akanishika mkono. Nilishangaa sana, ndugu zangu, maana nilikuwa nimekuja tayari kubishana.

Ndipo akaniomba jambo. Mnajua desturi yetu hapa Bondeni, kwamba msibani karani husoma mchango, jina na kiasi, aliyetoa nyingi akitangulia na kupigiwa makofi, na wa senti hamsini akisomwa watu wanapofunga viti. Joash aliniomba kwamba kwake nisome majina peke yake. Nilimwambia watu watasema tumekula pesa, akacheka mpaka akakohoa, akasema basi hesabu ibandikwe mlangoni pa kanisa, anayeitaka akaisome, na imebandikwa. Alituacha siku ya Jumamosi, tarehe 8 Agosti, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na miwili.

Kwa hivyo shukrani zetu, baada ya daktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, nitazisoma kwa kufuata nani alitangulia kufika kitandani kwake, kwa sababu orodha hiyo aliiandika yeye mwenyewe, kwa penseli. Wa kwanza ni Kiprugut, aliyekwenda kwa miguu akitoka zamu na makaa usoni. Wa pili ni Mama Wachuka wa mboga. Wa tatu ni Bwana Stesheni Masta, na mkubwa wetu asikasirike, alifika wa tatu. Wa nne ni Kinyanjui. Wanafuata watu wa stoo ya mizigo, wote kumi na mmoja, na akina mama wa kanisa.

Kaka, mimi bado nataka unga, na nitaudai siku ya uhuru na kesho yake. Lakini wewe ulipima vitu maisha yako yote, ukakataa kumpima mtu.

Wa mwisho kwenye orodha, aliyefika tarehe 21 Juni, ni Wanyonyi, mdogo wake. Pumzika, kaka, kwa amani.