Picha ya Moyo wa Fundi Saa

Wewe unayebetua midomo kabla hujasikia, ibetue vizuri, maana benchi lenyewe bado lipo, na mguu wake mmoja bado ni mfupi. Lipo nje ya mlango wa Bibi Birika, muuza kahawa, ambaye asubuhi ile alikuwa akipanga vikombe huku masikio yake yakiwa kazini. Wiki moja kabla, Fundi Saa alipigwa picha ya mishipa ya moyo, ikatoka ukungu mtupu. Kesho yake saa nne asubuhi ingerudiwa. Ikiharibika tena, madaktari wangepitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni wachungulie wenyewe. Basi wenzake wawili, Kinyozi na dereva mstaafu aitwaye Gia, walikuwa wamekaa naye pale benchini wakimtibu kwa mdomo.

— Walikuchoma ile dawa ya kung'arisha mishipa? — Gia aliuliza.

— Mkononi. Nikasikia joto mwili mzima, nikapapasa suruali nikidhani nimejikojolea.

— Basi ilikwama njiani. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji.

— Wapi! Ulitikisika, — Kinyozi akasema. — Mteja akitikisika kwangu, anaondoka na ndevu upande mmoja.

— Nilitulia kama gogo, na pumzi nikazuia. Moyo ndio uliokuwa unakimbia.

— Una aibu huo, — Gia akasema. — Umeufunika miaka sitini, leo unaupiga picha bila taarifa?

— Tena moyo wa mtu ni kichaka, — Kinyozi akadakia. — Kichaka ukikipiga picha utaona nini? Majani.

Mama mmoja mgeni, aliyekuja kununua kahawa na chupa yake, akauliza taratibu:

— Samahani, wazee wangu. Karatasi ya masharti waliyompa ilisemaje?

Fundi Saa akatazama miguuni.

— Niliikunja nikaitia chini ya mguu wa benchi. Lilikuwa linayumba.

— Inukeni, — Bibi Birika akasema.

Akaichomoa, akaikung'uta, akaisoma kidole kikifuata mstari, maana darasa la nne la zamani lilifundisha kusoma, si kubishana.

— “Siku nzima kabla ya kipimo, mgonjwa asinywe kahawa. Huongeza mapigo ya moyo, na picha haitulii.”

Wote wakakitazama kikombe mkononi mwa Fundi. Siku ya picha ya kwanza alikunywa vitatu, vya kutafutia ujasiri. Cha tatu Bibi Birika alimwongezea bila kuombwa. Alilikumbuka hilo, akalimeza.

— Saa nne kasoro dakika tano, — Fundi akasema, akitazama mkono. — Siku nzima haijaanza, Bibi.

— Saa zako ndizo zinazochelewa.

Akamnyang'anya kikombe, akakimwaga. Akamjazia mama yule chupa yake, kisha akakusanya na vikombe vya wengine.

— Na sisi tunapigwa picha gani? — Gia akalalamika.

— Mtamnywea mbele ya macho yake, enyi mliokalia dawa wiki nzima? Mfundisheni kuzuia pumzi, hiyo ni bure. Mkisikia mlango ukifungwa, vuteni pumzi mzuie.

Akabeba birika akaingia ndani. Watatu wakakaa, benchi likayumba, wakatega masikio.

Bibi akaufunga mlango, paa.