Ferréol Bazenet, Aliyepanda Kwanza Juu ya Ganda

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja Conflans kumsindikiza Ferréol Bazenet, bintiye mkubwa, Blandine, anawasomea maisha yake kwa niaba ya familia.

Marehemu alizaliwa hapahapa tarehe 3 Februari 1884, ingawa cheti kinasema tarehe 4 kwa kuwa babake alichelewa kwenda kumwandikisha, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Zéphirin Bazenet, fundi wa mashua za mtoni, na Bi Eudoxie. Alisoma shule ya mji huu hadi Julai 1897, akajifunza useremala kwa babake, akatumikia jeshi kuanzia 1905 hadi 1907, na tarehe 2 Mei 1910 akaajiriwa katika karakana ya ndege za mashindano huko Puteaux.

Wakati huo mwili wa ndege ulikuwa fremu ya miti iliyokazwa kwa nyaya, na nyaya hizo zilishika upepo na kupunguza mbio, hivyo marehemu, aliyezoea mashua, akashauri mwili uwe ganda tupu la mbao nyembamba, zilizobandikwa kwa gundi tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likikingama na lile la chini. Ganda la kwanza, Machi 1912, walilikausha karibu na jiko kwa haraka ya mashindano, na marehemu alipopanda juu yake kuwaonyesha wenzake uimara wake, likapasuka, akazama hadi mapajani, karakana nzima ikapiga kelele, "Bazenet, umekanyaga yai!" Alicheka nao, lakini jioni hakugusa supu yake, kwa sababu rubani wa kukaa humo alikuwa Gatien Aubertie, kaka wa mchumba wake Solange, mshonaji wa vitambaa vya mabawa, na Solange alikuwa amemwambia mbele ya mafundi wote, "Kaka yangu ni huyo mmoja tu, asiporudi, usije mlangoni kwetu na maua yako."

Ganda la pili liliachwa likauke lenyewe, mbali na jiko, hata wakubwa walipogomba, na lilipokuwa tayari Gatien akalizunguka, mikono mfukoni, akasema, "Shemeji, kama bado ni shemeji, panda wewe kwanza," marehemu akavua viatu, akapanda, akarukaruka, lisitoe hata mlio, na tangu siku hiyo ikawa desturi ya karakana kwamba aliyebandika ndiye anayepanda kwanza.

Tarehe 14 Julai 1912, karibu na Étampes, Gatien alimaliza mbio salama, lakini alipotua gurudumu lilivunjika, ndege ikapinduka, mabawa yakasambaratika, marehemu akakimbia uwanjani huku Solange akimtangulia, wakakuta ganda zima, na Gatien ndani yake, kichwa chini, akiuliza, "Nimekuwa wa ngapi?" Alikuwa wa pili.

Marehemu na Solange walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 19 Oktoba 1912, wakajaliwa Blandine mwaka 1914 na Léonce mwaka 1919, naye akaendelea kubandika maganda, kila moja likienda kasi kuliko lililotangulia, hadi mapafu yalipomzuia mwaka 1934, na akafariki nyumbani Alhamisi, tarehe 11 Machi 1937, saa kumi na mbili asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Familia inamshukuru Daktari Lhuillier, watawa waliomuuguza, majirani wa gatini walioleta kuni na mikate, na mafundi wenzake wa Puteaux, ambao ndio waliotengeneza jeneza mlionalo mbele yenu, la mbao nyembamba, tabaka tatu, likakauka bila jiko, na jana, kabla marehemu hajalazwa humo, kila aliyeshika brashi ya gundi alivua viatu akapanda, na wa mwisho kupanda alikuwa Mjomba Gatien, mwenye umri wa miaka hamsini na tano, ambaye hakubandika chochote, lakini alisema zamu hii ni yake.

Pumzika kwa amani, Baba, limeshika.