Kozi ya Fransis

Kijiwe chetu kipo Gongo la Mboto, pembeni ya barabara, kwa Nurdin muuza kahawa. Benchi mbili, jiko la mkaa, birika, na watu wenye majibu ya kila kitu. Jana ishu ilikuwa ya Fransis. Dogo kamaliza mafunzo ya mgambo, na alfajiri zote zile za mchakamchaka Nurdin ndiye alikuwaga anamgongea dirisha. Sasa mkufunzi kawaambia wachague kozi ya kuendelea: huduma ya kwanza, zimamoto au usafi wa mji. Jibu lilitakiwa jioni hiyohiyo, na Hope, mkewe, tumbo ndio hilo, mtoto wakati wowote.

Anwar tunamwita Kamanda, ingawa hajawahi kushika hata kirungu. Akasema huduma ya kwanza ni ya watu wanaopenda kuona damu. Kamugisha, yaani Profesa, akadai moto siku hizi unazimwa na droni, kwa hiyo mtu wa zimamoto atabaki kuosha gari tu. Mie nikamuuliza droni hiyo inabeba maji kwenye nini, akanitazama kama mjinga.

— Chukua usafi wa mji, akasema Kamanda. Hiyo ajira ipo papo hapo. Buti unapewa, unapanda nyuma ya gari, mtaa mzima unakuheshimu.

Profesa akaongeza kuwa mwakani Fransis atakuwa bosi wa kata, kijiwe tutajengewa kwa zege, na feni juu. Tukacheka. Hata Nurdin akasema dogo achukue, kazi ni kazi, mtoto anakuja.

Fransis akatoa simu ampigie mkufunzi. Hapo akaingia dada mmoja, mgeni kabisa, kumbe anaitwa Recho, kaomba kahawa na kashata. Alikuwa kasimama anasikiliza.

— Samahani, kaka. Huo usafi wa mji, mnaondoa nini?

— Wanaopanga biashara barabarani, sista, akajibu Kamanda.

— Kama huyu?

Akaelekeza kikombe kwa Nurdin.

Kamanda akajikuna shingo. Profesa akainama kufunga kamba za viatu. Mie aibu ilinishika, maana nilikuwa nimeshangilia kuliko wote. Fransis akabaki na simu mkononi, macho mekundu.

Nurdin akammiminia kahawa.

— Piga tu, mdogo wangu. Siku mkija, jiko usiliguse, linaunguza. Nitalibeba mwenyewe.