Fuwele Iliyopasuka Ili Usitoke Jasho

Mgeni rasmi, viongozi mlioketi mbele, walimu wetu na wageni wote,

Sisi wahitimu vijana wa maabara ya fuwele tunakukaribisha kwa heshima. Risala iliyopitishwa na ofisi tumeiacha mezani, maana ilikuwa shukrani tupu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi, tangu itangazwe kwamba unakuja, tunaumwa.

TULIKOTOKA

Maabara hii ilikuwa stoo ya viti vibovu. Tuliifagia wenyewe, tukaziba nyufa za madirisha, tukasimika tanuri. Humo ndimo fuwele hukulia. Madini huyeyushwa, kisha hupozwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, ili chembe zake zijipange safu kwa safu, kama matofali ya fundi asiye na haraka. Mtikisiko mdogo tu huvuruga safu hizo. Ndiyo maana humu tunavua viatu, hatubamizi mlango, na tunakaa zamu kando ya tanuri kama walezi wa mtoto mchanga.

TULICHOFANYA

Mwenzetu tunayemwita Dada Mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyetutangulia hapa, alikuza fuwele inayogeuza joto kuwa umeme. Upande mmoja ukipashwa moto na mwingine ukabaki baridi, umeme hutiririka kutoka huku kwenda kule. Alikibandika kipande cha majaribio kwenye kikombe cha chai, na taa ndogo ikawaka. Mzee anayefagia ukumbi akashangaa: “Kumbe! Basi mimi nikishikwa na homa mtaa mzima utapata umeme.” Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Mheshimiwa, siku ile tuliamini kwamba hata sisi tuna kitu cha kuupa ulimwengu.

YALIYOTUPATA

Fuwele kubwa, ambayo Dada Mkubwa alipaswa kuipeleka mbele ya watahini ili apate shahada yake ya uzamili, ilikuwa bado tanurini juzi. Msimamizi wa jengo akaingia na viatu vyake.

“Zimeni hiki kitu. Mgeni atatoka jasho humu.”

“Bosi, ikipoa ghafla itapasuka,” Dada Mkubwa akamwonya.

“Si mtawasha tena akiondoka? Kwani shida iko wapi, dada?”

“Hili si birika la chai, bosi!”

Akanyoosha mkono akazima swichi kuu, akafunga mlango, akaondoka na ufunguo. Tuliporudishiwa ufunguo, fuwele ilikuwa na ufa kutoka juu hadi chini. Dada Mkubwa hakulia. Alikaa sakafuni akiwa ameipakata.

Mgeni rasmi, hicho kinachometameta mbele yako juu ya kitambaa chekundu si fuwele. Ni kioo cha taa ya ukumbini. Kipande chetu cha majaribio kipo, lakini ofisi ilisema ni cheusi, kinafanana na mkaa, kitakutia aibu kwenye picha. Funika kombe mwanaharamu apite! Sisi hatufuniki.

Tumekasirika, na hatuombi radhi kwa hilo. Umeme kukatika tumezoea. Mitambo kuharibika tumezoea. Lakini hili lilifanywa kwa mkono wa mtu, kwa jina lako, na wewe hukuulizwa kama unaogopa jasho.

TUNACHOOMBA

Hatuombi jengo jipya wala viyoyozi. Ofisi imemwambia Dada Mkubwa kwamba muda wake umekwisha, afungashe vitu vyake. Tunaomba aongezewe muda wa kukuza fuwele nyingine tangu mwanzo. Tunaomba pia swichi ile isiguswe tena na mtu asiyefanya kazi humu, hata akija mgeni mkubwa kuliko wewe.

Tunaomba utamke jibu hapa hapa, kila mtu akisikia. Ukishaondoka, tutabaki na wale wale.

Yule binti aliyesimama kando yako, aliyevalishwa sare ya wapokea wageni na kupewa sinia lenye mkasi wa kukatia utepe, ndiye Dada Mkubwa. Hakujua kwamba tungeyasema haya. Tafadhali usiuchukue mkasi kwanza. Mwambie atue sinia, kisha umjibu.

Mungu akulinde, akupe masikio yasiyochoka na ulimi usioogopa.

Ni sisi,
Wahitimu vijana wa maabara ya fuwele