Sosthenes Ng'umbi, Aliyeacha Seminari Akashika Beseni

Marehemu Sosthenes Abrahamu Ng'umbi alizaliwa tarehe 14 Machi 1970 katika kijiji cha Ihanu, wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa. Alikuwa mtoto wa kwanza wa katekista Abrahamu Ng'umbi na mama Tekla. Siku ya ubatizo baba yake alimnyanyua mbele ya altare akatangaza kwamba mtoto huyu si wake tena, ni wa Mungu, na atakuwa padre. Mwaka 1973 akazaliwa dada yake, Yusta. Yeye hakunyanyuliwa na mtu. Alibatizwa pamoja na watoto wengine, akafungwa mgongoni, akarudishwa nyumbani.

Habari hizi zimesimuliwa na huyo Yusta, na Goodness, binti wa marehemu, ndiye aliyeshika kalamu. Ilipendekezwa na familia kwamba iandikwe marehemu aliacha seminari kwa sababu ya kuugua macho. Haitaandikwa hivyo. Macho ya marehemu yalikuwa mazima mpaka siku anayafumba.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa Ihanu kuanzia mwaka 1978. Yusta alimfuata baadaye. Jioni, baada ya kupukuchua mahindi, Yusta alikuwa akipanga magunzi ukutani na kuyafundisha kusoma, na gunzi lililoanguka lilichapwa kwa utoro. Marehemu alikuwa akipita akicheka: "Mwalimu, leo wamefaulu wangapi?"

Mwaka 1983 mama Tekla alianguka shambani, upande wake wa kulia ukafa. Nyumba ilihitaji mtu wa kukaa naye. Baba aliwaita watoto wote wawili akasema, "Sosthenes ana wito. Yusta ana mikono." Yusta alikuwa darasa la tatu. Kesho yake hakwenda shule, wala siku nyingine yoyote. Mwalimu alipokuja kumuulizia, baba alimjibu kwamba binti ameshajua kusoma Salamu Maria na inamtosha.

Mwaka 1985 marehemu aliingia seminari. Alikuwa akirudi likizo amevaa viatu. Hakuruhusiwa kuchota maji wala kupasua kuni, maana mikono ile ilikuwa ikingojewa na mafuta matakatifu. Alikuwa akila mezani na baba, na Yusta akiwapelekea maji ya kunawa. Kanisani watu walikuwa wakimwombea mwanaseminari wetu. Hakuna Jumapili hata moja alipoombewa msichana aliyekuwa akimgeuza mama yake kitandani kila siku asipate vidonda.

Desemba 1990 marehemu alirudi likizo ya Noeli akiwa ameshamaliza masomo ya sekondari, akisubiri kwenda seminari kuu. Asubuhi moja aliingia chumbani kwa mama kumwamkia. Alimkuta Yusta amepiga magoti, mgongo umemkataa, mama yuko nusu kitandani nusu sakafuni, ameloa. Mama alijifunika uso kwa mkono wake mzima.

Mwiko wa mtoto wa kiume kwa mwili wa mama yake unajulikana na kila aliyeketi hapa. Marehemu aliuliza kitenge kiko wapi. Akakikunja, akajifunga machoni, akasema, "Yusta, nielekeze." Akamnyanyua mama, akaomba sabuni, akaanza kuogesha kwa kupapasa. Alisugua mto kwa bidii sana akidhani ni bega. Mama Tekla, ambaye nyumba ile haikuwa imemsikia akicheka tangu aanguke, alicheka mpaka mate yakamtoka.

Ndipo marehemu, kitenge kikiwa bado usoni, alipouliza, "Yusta, wewe ulitaka kuwa nani?"

Yusta alichukua beseni akammwagia yale maji miguuni. "Unaniuliza leo?" akasema. "Kaka, unaniuliza leo?"

Marehemu hakurudi seminari. Alimwambia baba kwamba ameusikia wito wake vizuri na umetokea chumba cha pili. Baba alimwambia amemwaibisha mbele ya Askofu. Akakataa kula ugali uliosongwa na mwanamume, akawa anashindia chai ya majirani, mpaka mama Tekla alipomwambia neno moja kwa ule ulimi wake mzito, "Kula." Akala. Kijiji kikampa marehemu jina la Sista. Vijana walikuwa wakimpigia kelele akianika mashuka: "Shikamoo, Sista!" Naye alikuwa akijibu, "Marahaba wanangu, njooni mkamue." Mzaha ule ndio uliozaa ugonjwa wa macho. Watu walimwona dirishani amejifunga kitenge machoni, baba akawaambia anaugua macho, akaona afadhali mtoto kipofu kuliko mtoto anayeogesha.

Yusta alipewa ruhusa ya kuondoka. Alikwenda shuleni kwanza. Mwalimu mkuu alimtazama akamwambia, "Dada, madawati yetu hayakutoshi." Akaenda Iringa mjini kulea watoto wa watu, akawa anawasindikiza hadi kwenye lango la shule na kurudi. Alimkasirikia marehemu kwa sababu alikuja amechelewa. Hasira hiyo ilikuwa ya haki na imesimama hapa leo.

Mama Tekla alifariki mwaka 1996 bila kidonda hata kimoja mwilini. Mwaka uliofuata marehemu alipata kazi ya kupakia magogo Mgololo. Tarehe 20 Oktoba 2001 alifunga ndoa takatifu na Devotha Mwakalobo jijini Mbeya. Ndugu wa mke waliuliza kama ni kweli wanampa binti yao padre aliyeshindwa. Devotha aliwajibu, "Anajua kufua. Ninyi mliooa hamjui." Mungu aliwajalia watoto wawili, Goodness na Gerson.

Mwaka 2004 walihamia Mbeya, mtaa wa Soweto, na marehemu akafungua kibanda cha kushona viatu Mwanjelwa. Jioni alikuwa akifunga kibanda na kwenda kuwaogesha wazee wa kiume ambao watoto wao walikuwa wakiona kinyaa. Kazi hiyo haikuwa na kamati parokiani, hivyo haikuwahi kusomwa kwenye matangazo. Alhamisi Kuu moja, padre akiwaosha miguu wanaume kumi na wawili waliofika wameshaosha ya kwao nyumbani, marehemu alikuwa kwa mzee Masumbuko, aliyepooza, akimkata kucha. Mwenyekiti wa jumuiya alimsema kwa kukosa ibada. Marehemu akamjibu, "Sikukosa, mwenyekiti. Miguu ilikuwepo."

Mwaka 2023 aligundulika na saratani ya tezi dume. Mwaka jana, 2024, hakuweza tena kusimama. Devotha alilazimika kukaa kibandani ili nyumba ipate kula, na watoto walikuwa masomoni. Wanaume ambao baba zao waliogeshwa na marehemu walikuja. Walikuja na maji ya chupa na rozari, wakakaa sebuleni, wakasali vizuri, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza beseni liko wapi.

Aliitwa Yusta aje, kwa kuwa ana mikono.

Mwiko wa dada na kaka nao unajulikana. Yusta aliomba kitenge, akajifunga machoni, akaanza kazi. Marehemu alivumilia kidogo kisha akasema, "Dada, hilo ni sikio."

"Nyamaza."

"Sawa. Lakini umeshalisugua mara tatu, na mimi sijaoga."

Yusta alicheka, akakasirika kwa kuwa amecheka. Ndipo marehemu aliposema, "Hujanijibu."

"Nini?"

"Nilikuuliza mwaka tisini."

"Nyamaza, maji yanapoa."

Hakuuliza tena. Alipokea Mpako Mtakatifu, na Jumatatu tarehe 2 Juni 2025, saa nne asubuhi, alifariki nyumbani kwake akiwa safi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Ameacha mjane, Devotha, watoto, Goodness na Gerson, dada, Yusta, na baba, mzee Abrahamu, ambaye ameketi kiti cha mbele na anasikia. Asisemwe marehemu kwamba alipoteza wito. Alikuwa nao, na alipousikia alikuwa mtu wa kwanza, na wa mwisho, katika nyumba ile kuuliza kama kuna mwingine aliyeitwa.

Ameulizwa mara mbili Yusta. Anajibu leo, mbele ya baba na mbele ya Kanisa.

Mwalimu, kaka. Nilitaka kuwa mwalimu.

Sasa umejibiwa. Lala, Bwana akupumzishe.