Mama Alphonsine, Aliyejinyima Ruhusa ya Kufuta

Nyinyi mulioanzia kazi hapa halafu mukahamia Lubumbashi, muko wapi? Vita imefunga barabara ya Nyunzu, haikufunga ziwa wala simu. Basi pokeeni habari bila chai: Mama Alphonsine anastaafu tarehe 31 Desemba 2017, baada ya miaka kumi na tisa katika shirika letu la kusaidia wakimbizi hapa Kalemie. Mimi Bibi Fatouma, mupishi wa biro, yaani ofisi yetu, njo nimepewa kazi ya kumusema. Clémence wa hapa biro ananiandikia, na nimemukataza kunipambia maneno.

Mama Alphonsine alianza mwaka vita iliporudi, akipiga chapa majina ya wakimbizi kwa mashine iliyovunjika herufi ya K. Fikirieni Kalemie, Kabalo na Kirungu bila K. Alizijaza zote kwa kalamu, huku akiimba vibaya.

Baadaye zikaja ordinateri, yaani kompyuta, na mtandao. Kila familia ikafunguliwa konti, ukurasa wake ndani ya mashine, ili waliopotezana njiani waonekane kokote walikoandikishwa. Yeye akawa mukubwa wa konti zote. Kwa sauti yake ile, biro nzima ilijua nani amesahau neno lake la siri.

Wakati huo kila mwenye kusimamia mashine aliweza kufuta konti. Mwaka jana Jean-Baptiste, kijana mwema kutoka Kinshasa, akaona konti mbili za Mama Mapasa, zote na watoto Kyungu na Kabange. Akasema muntu mumoja anakula mara mbili, akafuta moja. Masikini, hakujua kwamba Waluba wote wakizaa mapasa, yaani mapacha, huwaita Kyungu na Kabange, na mama yao huacha jina lake akaitwa Mama Mapasa. Siku ya kugawa chakula mwenye konti iliyofutwa akafika, mutoto mumoja mugongoni, mumoja kifuani. Mashine ikasema hayuko. Foleni ikamuita mwizi. Alikuja kulilia jikoni kwangu: “Bibi, hata vita haikunifuta.”

Mama Alphonsine akakaa mbele ya mashine. Alimuandikisha upya yule mama, kisha akanyang’anya kila muntu ruhusa ya kufuta, akianza na yake. Konti ikitiliwa shaka, mumoja anaomba, mwingine anakubali, na mwenyewe anaitwa dirishani ajieleze. Hata hapo inafungwa tu, ili iweze kufunguliwa tena.

Mwezi wa sita mwaka huu, wageni wanaotoa pesa za msaada walikuwa wanakuja. Shefu wetu, Papa Valère, akataka konti za watu wasioonekana zifutwe, mashine ionekane safi. Kati yao alikuwamo Mbuyu, mume wa yule Mama Mapasa aliyefutwa; mume huyo alijiandikisha Manono kisha akapotea. Mke wake alikuja kila juma kuuliza kama konti ile bado iko. Papa Valère akadai ruhusa yote iwe mukononi mwake, la sivyo hatatia sahihi mukataba mupya wa Mama Alphonsine, naye amekaribia pensheni. Mama Alphonsine akamujibu mbele yetu: “Papa, mimi mwenyewe nimejinyima. Ukitaka kuondoa muntu, niondoe mimi, hao uwaache.” Papa Valère akatoka bila kula, na siku ile nilipika mukeke, samaki mutamu wa ziwa letu.

Alifanya kazi bila mukataba, akiazima unga kwangu. Mwezi wa tisa, muntu mwenye muguu mubaya akafika Kabalo akasema jina lake. Alikuwa Mbuyu; konti yake, ambayo haikufutwa, ikafunguliwa tena kule, na hapa Kalemie ikaonekana. Mama Alphonsine alikimbia kambini na kiatu kimoja kumuambia Mama Mapasa. Kesho yake Papa Valère akatia sahihi.

Sasa anaenda Mpala kulima mihogo na kugombana na mbuzi wa dada yake. Mama Alphonsine, asante kwa kutulindia watu. Mungu akupe usingizi murefu na magoti yasiyouma.

Na nyinyi mulio mbali, mukija musikimbilie boti ya Mpala. Anzeni kambini kwa Mbuyu, aliyekwisha kurudi kwa mke wake, muwaone Kyungu na Kabange kwa macho yenu, maana Mama Alphonsine atawauliza habari zao kabla ya kuwapa maji.