Bwana Kimya na Kicheko Kilichochelewa

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi kamili jioni, fundi mkuu wa sauti wa kituo chetu atazima mitambo, atavua visikilizio vyake vikubwa masikioni na kuvitundika kwenye msumari alioupigilia mwenyewe ukutani. Hapo miaka thelathini na tatu ya utumishi itakuwa imetimia. Kwenye jalada la ofisi ya utumishi ana majina matatu marefu. Sisi tunamjua kwa moja tu, Bwana Kimya, kwa sababu kila kurekodi kulipotaka kuanza alitoa kichwa mlangoni na kunguruma "Kimya!" hata waliokuwa kimya tayari wakajihisi wana makosa.

Aliajiriwa upande wa redio, kazi yake kukunja nyaya. Mpaka leo ana sheria zake: waya haukunjwi kwenye kiwiko, unakunjwa mkononi, duara juu ya duara, na aliyekiuka alikiona cha mtema kuni. Kutoka nyaya alipanda kwenye maikrofoni, akazunguka na watangazaji kwenye hotuba, mazishi na mechi za mpira. Kuna mechi moja ambayo alielekeza maikrofoni upande usio wake kipindi kizima cha pili, wasikilizaji wakamsikia muuza soda vizuri kuliko mtangazaji. Ukimkumbusha hakasiriki. Anasema muuza soda alikuwa na sauti nzuri zaidi, na waliomsikia wanakubali.

Kisha kikaja Kidato cha Pembeni. Wakongwe hawahitaji kuelezwa, ila kwa walioajiriwa juzi: kilikuwa kipindi cha vichekesho vya runinga kuhusu wanafunzi wanne wa darasa lililo mwisho wa korido, mahali ambapo kengele haisikiki, kwa hiyo wanachelewa kila kitu. Alikuwepo Domo, anayesema leo na kufikiri keshokutwa, na Bi Ratiba, aliyejipangia mpaka saa ya kulia, na wenzao wawili wa kuwatuliza. Darasa lenyewe lilikuwa mbao nyembamba zilizopakwa rangi katika studio namba mbili. Mbele yake viliwekwa viti arobaini, maana mtayarishaji alitaka kicheko cha watu halisi.

Siku ya kwanza watu halisi hawakuja. Kipindi hakijulikani, nani aje? Ikatangazwa kila mfanyakazi alete ndugu. Bwana Kimya akamleta mkewe, aliyekuwa akipanga barua pale posta. Mama wa watu akafika moja kwa moja kutoka kazini, akakaa safu ya nyuma kabisa, pochi mapajani. Domo akatoa mzaha wake wa kwanza. Watu wakacheka, wakamaliza, studio ikatulia, Bi Ratiba akafungua mdomo ili ajibu. Lahaula! Kutoka safu ya nyuma kikalipuka kicheko kimoja cha mama mtu mzima, kirefu, cha kupanda na kushuka, kikamalizia na kofi la paja. Bi Ratiba akasahau maneno yake yote. Watu wakacheka upya, safari hii kuliko mwanzo.

Mwongozaji wa wakati huo aliamuru kicheko kile kiondolewe. Bwana Kimya akamjibu kwa upole kwamba haiwezekani, mkasi utaharibu maneno ya waigizaji. Ulikuwa uongo mtupu. Huyu ni mtu anayeweza kutoa kikohozi katikati ya neno na neno likabaki zima. Kipindi kikaenda hewani hivyo hivyo, na wiki iliyofuata barua zikamiminika kuuliza yule mama anayecheka wa mwisho ni nani. Kule posta zilipita mikononi mwake mwenyewe, na hakujua kama zinamhusu.

Tangu hapo Alhamisi, siku za kurekodi, zikawa zake. Waandishi wa kipindi wakaanza kumwachia nafasi. Baada ya kila mzaha mkubwa waliandika kwenye mabano herufi mbili, NM, yaani Ngoja Mama, na waigizaji wakazoea kunyamaza sekunde mbili mpaka kicheko kifike. Yeye naye jina likamganda, Mama Ngoja. Mpiga chapa mmoja mpya, mtu makini mno, alidhani NM ni nukta mkato, akaweka nukta mkato kila mahali. Sehemu nzima ya matokeo ya mtihani ikarekodiwa bila pumziko, na kicheko cha Mama Ngoja kikaangukia pale pale Bi Ratiba anapoambiwa amefeli hesabu. Waliokuwepo wanasema mbavu hawakuwa nazo. Watazamaji waliandika kulaani ukatili wa mama yule.

Bwana Kimya na mkewe hawakujaliwa mtoto, na si watu wa kulizungumza. Lakini kila aliyefika studio siku ya Alhamisi aliona jinsi Mama Ngoja alivyowakagua wale wanne kabla taa hazijawashwa, kola imekaaje, nani amekonda, nani ana mafua. Nao walimwamkia kwa kupiga goti nusu kama wanavyomwamkia mzazi, kisha Domo akamwomba peremende, na kila Alhamisi akajibiwa kuwa hakuna, na kila Alhamisi akapewa.

Miaka sita ikapita. Domo akawa ananyoa ndevu mara mbili kwa siku ili aonekane wa kidato cha tatu. Wakubwa wakaamua kipindi kizae kipindi: wale wale wanne wapelekwe chuo, waanze maisha ya bweni, na kipindi kipya kiitwe Pembeni Chuoni. Akaletwa mwongozaji mpya, msichana wa miaka ishirini na saba aliyetoka masomoni na miwani mipya na maneno mapya, na hakuna kitu asichokijua. Akasema kicheko cha watazamaji ni mambo ya zamani, twende na wakati. Viti arobaini vikapelekwa ghalani, na pale ilipokuwa safu ya nyuma pakajengwa bweni. Msichana yule, ole wangu, ni mimi ninayeandika haya.

Bwana Kimya hakubisha. Nyumbani alimwambia mkewe kurekodi kumeahirishwa. Wiki ya pili, kumeahirishwa. Wiki ya tatu, vilevile. Mama Ngoja aliendelea kwenda posta kila Alhamisi na gauni lake la Alhamisi, la rangi ya zambarau, akidhani huenda atapigiwa simu. Mpaka jioni moja wakiwa sebuleni kipindi kikaanza, na akawaona wanawe wakishuka na mabegi mbele ya geti la chuo. Hakugomba. Aliuliza swali moja tu: nani aliwafungia mizigo? Haya alinisimulia Bwana Kimya mwenyewe.

Nami huku nilikuwa na balaa langu. Kila Domo alipomaliza mzaha alinyamaza. Anatazama juu, kana kwamba safu ya nyuma bado ipo, anahesabu moja, mbili, ndipo Bi Ratiba anajibu. Bi Ratiba naye hivyo hivyo. Kwenye runinga walionekana kama watu waliosahau maneno. Watazamaji wakalalamika kipindi kimepooza, na wakubwa wakanipa wiki tatu, nikishindwa wakifute. Niliwafokea, nikawapimia muda kwa saa ya mkononi, wapi. Miaka sita ya kungoja haitoki kwa kufokewa.

Tukaitisha kikao. Bwana Kimya, ambaye hakuwahi kufungua mdomo kikaoni, aliinua mkono. Akasema watoto hawa hawajasahau kitu, wanamngoja mama yao, na nyumbani kuna mtu anawangoja wao. Akaketi. Nilifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Nikakubali shingo upande: kiti kimoja, Alhamisi moja.

Mama Ngoja alikuja na ndoo nne. Ndani ya kila ndoo mlikuwa na shuka la maua, mche wa sabuni na kufuli, kama mzazi yeyote anavyompeleka mtoto bweni. Nilijaribu kumweleza kwamba vitanda vyenyewe ni vya maigizo. Alinitazama kwa huruma, akatandika. Ndiyo maana mpaka sehemu ya mwisho Domo alilala kwenye mawaridi mekundu, na wanaodhani lilikuwa wazo langu la kisanii naomba leo wanisamehe.

Kiti chake nilikiweka mwenyewe, kimeelekea bweni, kimeupa mgongo ule ukuta wa kioo ambao nyuma yake Bwana Kimya hukaa na mitambo. Mzaha wa kwanza ukatolewa. Tukangoja. Hakuna. Domo akatoa wa pili. Hakuna. Mama Ngoja alikaa pale akigeuza shingo huku na huku, anahangaika, uso umemshuka, na Domo alianza kutokwa na jasho. Mungu anisamehe, mimi kidogo nilifurahi. Ndipo mlango wa chumba cha sauti ukafunguka. Bwana Kimya akatoka, akamwinua mkewe, akakigeuza kiti upande, akamketisha, akarudi ndani.

Mzaha wa tatu. Mama Ngoja alimtazama Domo, kisha akatazama kioo. Nyuma ya kioo, mumewe aliitikia kwa kichwa. Hapo kikaja, kile kile, cha kupanda na kushuka, na kofi la paja. Domo aliendelea kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, na sehemu ile ilikwenda kama maji mpaka mwisho.

Baadaye nilimuuliza Mama. Akanieleza bila kuona ajabu yoyote kwamba tangu siku ile ya kwanza alikuwa akiogopa kumharibia mwenzake kazi, maana ndiye anayeamuru kimya. Kwa hiyo akichekeshwa humtazama kwanza. Akiruhusiwa, anacheka. Miaka yote ile waandishi walikuwa wanauandikia mabano muda wa mke kumwomba mume ruhusa na mume kumpa.

Kipindi hakikufutwa. Kimedumu miaka saba, kwa kuwa Domo alirudia mwaka mara tatu. Katika miaka hiyo Bwana Kimya amefundisha mafundi kumi na mmoja, ameturekodia sauti ya kila mlango wa jengo hili, na amekataa vyeo viwili kwa sababu ofisi zake hazikuwa na kioo cha kuelekea studio. Wakubwa hawakujua sababu, wakadhani ni kiburi.

Alhamisi iliyopita tulirekodi mahafali, sehemu ya mwisho kabisa. Kwa mahafali tulirudisha viti arobaini kutoka ghalani. Mitambo aliishika fundi atakayemrithi, na kwa mara ya kwanza Bwana Kimya alikaa huku nje, kiti kando ya kiti cha mkewe, mikono magotini, hajui aiweke wapi. Bi Ratiba, ndani ya joho, alimuuliza Domo atafanya nini sasa. Domo akasema haendi popote, yeye bado anasubiri kengele ya kidato cha kwanza.

Vilitoka vicheko viwili kutoka viti viwili. Kimoja tunakijua. Cha pili kilikuwa kizito, cha kukwaruza, hakijawahi kusikika katika studio namba mbili, na mwenyewe alionekana kushtuka nacho. Vikaja papo hapo, pamoja na vya watu wote. Mama hakuwa na wa kumtazama ng'ambo ya kioo.

Domo akanyamaza kama kawaida yake. Akahesabu moja, mbili. Kicheko hakikuja, kwa sababu kilikwisha kuja. Akawatazama wale wawili waliokaa bega kwa bega wakifutana machozi, na joho lake likaanza kutikisika.

Juzi mhariri aliniomba tuondoe sekunde zile mbili za ukimya, zinachelewesha mwisho. Nimemwambia haiwezekani, mkasi utaharibu maneno ya waigizaji.

Bwana Kimya, asante kwa kila sauti uliyoitunza, na kwa ile moja uliyokataa kuiondoa. Mama, asante kwa mashuka. Watoto wenu wamehitimu. Nendeni nyumbani salama, mkae viti jirani, na mcheke saa yoyote mnayotaka. Tunawapenda sana.